Ufunguo Ndani ya Kamaboko

"Nimechonga funguo kwa alama ya sabuni," alisema Gaudens, fundi funguo wa pembeni mwa Mtaa wa Sikukuu, akihesabu kwa vidole vyeusi vya grisi. "Nimechonga kwa nta. Nimechonga kwa udongo. Kuna mlevi mmoja aliwahi kuniletea ugali. Lakini kwa kitoweo, dada Severa, haki ya Mungu, tangu nishuke kutoka Rombo sijawahi."

Inspekta Severa alikuwa ameinama juu ya sahani ya plastiki, moyo ukimdunda kama wa msichana aliyeliona jina lake kwenye matokeo ya mtihani. Juu ya sahani palikuwa na kipande cha kamaboko, kigumu kwa baridi ya friji, waridi juu na cheupe chini, na katikati yake, safi kabisa, umbo la ufunguo.

Kariakoo nzima inaijua kamaboko, hata wale ambao jina linawapiga chenga. Ni samaki mweupe, mzia au changu, anaoshwa kwa maji ya barafu mpaka harufu inamtoka, anasagwa na chumvi kwenye kinu cha jiwe mpaka ananata, kisha anaundwa juu ya kibao kidogo na kupikwa kwa mvuke. Ukiikata inanesa. Duka linaloitengeneza ni moja tu, Mtaa wa Mchikichi, la familia ya marehemu Mzee Abdulatif, ambaye ujanani alikuwa mpishi wa tajiri mmoja wa Kijapani pale Upanga. Mjapani alipofunga mizigo kurudi kwao alimfundisha mpishi wake kazi yote, akamwachia na kinu. Kinu hicho ndicho kilichotoweka.

Kilitoweka usiku wa kuamkia Jumamosi. Kitasa cha chumba cha kusagia hakikuvunjwa, kilifunguliwa kwa ufunguo, na funguo zilikuwa mbili tu: mmoja shingoni kwa Bi. Sitara, mjane wa mwana wa Mzee Abdulatif na mwenye duka sasa, na mwingine mfukoni kwa mwanawe Idrisa. Idrisa ndiye aliyefungua alfajiri. Basi Idrisa ndiye aliyekuwa mahabusu tangu Jumamosi, na leo Jumatatu, karandinga likija mchana, angepelekwa mahakamani. Akishafika huko, Severa hana tena neno. Jambo hilo lilimkera, kwa sababu tangu mwanzo aliamini kwamba kijana yule hakuiba kitu.

"Alikuletea nani?" aliuliza.

"Dada mmoja. Baibui, nikabu, macho tu. Alhamisi jioni, nafunga."

"Hukuona hata kimoja cha kumtambulisha?"

"Mikono niliiona." Gaudens alinyoosha yake kwenye mwanga. "Wasichana wa mjini hapa kucha ndefu, hina mpaka kiwikoni. Huyu kucha amezikata mpaka nyamani, na vidole vimekunjamana kama ameshinda anafua mablanketi."

"Na hiki mbona umebaki nacho?"

"Alikisahau. Nikakihifadhi kwenye friji ya jirani wa juisi, niwaonyeshe watoto wakija. Ningewasimulia hivihivi wangeniona mwongo."

"Kinu cha samaki kimeibwa mitaa miwili kutoka hapa, mji mzima unaongea, na wewe una kitoweo chenye ufunguo. Hukushtuka?"

"Nilishtuka, dada. Ila ningemwambia nani? Jana polisi wote mlikuwa Buguruni."

Koplo Aaron, aliyekuwa amezunguka kwa mafundi funguo wote tangu asubuhi mpaka akampata huyu, alitazama pembeni. Jana walikuwa Buguruni kweli. Mtu mmoja alikula kiapo kwamba ameona mkokoteni umebeba jiwe kubwa chini ya turubai. Wakaufuata, wakaulizia gereji moja hadi nyingine, wakalifunua turubai kwa kishindo, na kulikuta jiwe la kaburi ambalo fundi mmoja wa magari alikuwa amejinunulia mapema. Mwenye jiwe aliwaita wachawi.

"Aaron, nipe ule ufunguo wa Idrisa."

Aaron aliutoa kwenye bahasha ya vielelezo. Severa aliushusha taratibu juu ya ile alama. Meno yalilingana, shina lililingana, lakini ncha iligoma. Alama ilikuwa imepinda kidogo kushoto. Ufunguo wa Idrisa ulikuwa umenyooka.

"Haukuchongwa kwa huu," alisema, na sauti ilimtoka kwa furaha mpaka muuza juisi akageuka. "Umechongwa kwa ule wa mama! Na mtu mwenye ufunguo wake mfukoni, Aaron, anahangaika kuchonga wa mama yake ili iweje?"

"Hana sababu, afande."

"Hana! Funga hicho kitoweo vizuri, tunaenda."

Walikata sokoni kwa mwendo wa kukimbia, kati ya majora ya vitenge na minara ya mabeseni. Mchuuzi mmoja alipomwona Aaron amekumbatia mfuko kifuani kama yai, alipaza sauti, "Afande, hiyo supu itamwagika!" Watu wakacheka. Severa naye alicheka, huku anakimbia. Alizaliwa na kukulia mitaa hii, nyuma ya duka la jumla la baba yake aliyetoka Kibosho, na siku kesi inapoanza kufunguka, Kariakoo ilikuwa tamu kwake kuliko popote.

Duka lilikuwa wazi mlango mmoja. Bi. Sitara alikaa kwenye benchi, kanga kichwani, bakuli la wali wa kumpelekea mwanawe kituoni likiwa mapajani. Binti yake Badria alichuchumaa kando ya ndoo akisugua vibao. Na kwenye kona, mahali pa kigoda cha wateja, juu ya kitenge cha njano kilichoshuka mpaka sakafuni, alijaa Mzee Bushiri, mdogo wa marehemu mume wa Bi. Sitara, mgongo ukutani na mguu juu ya mguu.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu," alisema Bi. Sitara.

"Marahaba, marahaba," alisema Bushiri. "Kimepatikana? Maana tangu Jumamosi nashinda hapahapa nawasubiri. Kijana mmemkamata, kinachobaki ni kumbana aseme. Kikulacho ki nguoni mwako, afande, mimi nilisema tangu siku ya kwanza."

Ni kweli alisema. Ndiye aliyeita polisi. Alfajiri ile ya Jumamosi alikuja na lori la hoteli moja ya Masaki kukichukua kinu, na badala ya kinu akakuta meza tupu.

"Kinu wangekifanyia nini huko hotelini?" Aaron aliuliza. Swali hilo hakuna aliyekuwa amelifikiria mpaka leo.

"Bustani," alijibu Badria bila kuinua kichwa. "Wapande maua."

"Ni mali ya baba yangu, haijagawanywa," alisema Bushiri. "Nami nina haki yangu."

"Baba alimpa mume wangu mkononi," alisema Bi. Sitara kwa uchovu wa mtu aliyelirudia neno hilo mara nyingi. "Siku ile na wewe shemeji ulikuwepo, ulikula na pilau."

"Pilau naikumbuka. Hilo jingine silikumbuki."

Severa aliwaacha wamalize. Kisha akamwomba Bi. Sitara ufunguo wake. Ulitoka shingoni kwenye uzi mweusi, na ncha yake ilikuwa imepinda kushoto.

"Umepindaje huu?"

"Marehemu alifungulia kopo la maziwa, mwezi wa Ramadhani. Nikamgombeza sana." Bi. Sitara alitabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Severa aliuweka ufunguo ndani ya alama. Uliingia na kutulia kama ulizaliwa humo. Aaron akashindwa kujizuia, akapiga kofi pajani.

"Hutoka shingoni lini?"

"Nikiingia kusaga tu. Chuma hakiingii chumba kile. Pete, bangili, ufunguo, vyote vinabaki kwenye bakuli la chumvi pale mlangoni. Ndiyo sheria ya yule Mjapani, na mkwe wangu aliishika mpaka kufa."

"Na kamaboko ya waridi hutengenezwa siku gani?"

"Alhamisi, kwa harusi za Ijumaa. Siku nyingine ni nyeupe tu."

"Alhamisi Idrisa alikuwa wapi?"

"Feri. Alishinda kule, samaki walichelewa. Alirudi usiku na barafu ya kesho yake."

"Anaweza kumtuma mtu!" alisema Bushiri. "Ana mchumba, yule!"

Severa hakumtazama. Alikuwa anamtazama Bi. Sitara, ambaye alikuwa amekiokota kile kipande cha kamaboko. Mikono ya mama yule haikuweza kushika kamaboko ikakaa bure. Alichukua kisu, akakata pembeni ya ile alama kijipande chembamba kama karatasi, akakikunja mara moja. Akakikunja tena. Hakikupasuka. Kilinesa tu na kufunguka kama kilivyokuwa. Ndivyo wanavyopima katika nyumba ile: samaki akiwa mchovu, au msagaji akiwa mvivu, kipande hupasuka kwenye mkunjo.

Bi. Sitara alikikunja mara ya tatu, polepole. Uso wake ukabadilika.

"Si yetu hii," alisema.

"Ni ya nani, mama?"

"Sijui. Si yetu."

Njia ya mwongo fupi, na ya mama huyu ilikuwa fupi zaidi, kwa kuwa hakuwa na mazoea. Mji mzima hakuna anayetengeneza kamaboko isipokuwa hapa, na kamaboko inayokubali mikunjo mitatu hapa nyumbani ilitoka kwa mikono ya watu wawili. Mmoja alikuwa na ufunguo wake shingoni. Mwingine alikuwa anasugua kibao kimoja kwa muda mrefu mno, na vidole vyake, kwenye yale maji, vilikuwa vimekunjamana, kucha zimekatwa mpaka nyamani.

Severa alimwonea huruma yule mama. Mtoto mmoja yuko mahabusu, na sasa amegundua kwamba akimtoa huyo anamwingiza wa pili. Lakini huruma haikumpunguzia hamu. Alikuwa amempata mwenye ufunguo. Kinu chenyewe kilikuwa wapi?

"Badria," alisema kwa upole, "hebu nionyeshe tena chumba cha kusagia."

Ndani palikuwa na ubaridi na harufu ya bahari. Kila kitu humo huoshwa kila siku: kuta zina vigae, na sakafu ya saruji imesuguliwa ikateleza, na ina mteremko mdogo kuelekea mbele ya duka ili maji ya samaki yatoke yenyewe mpaka mtaroni. Jumamosi Severa alikuwa amepita hapa na askari wengine wanne wanaokanyagana. Leo alikuwa na utulivu wa kuona.

Aliiona meza fupi ya mninga iliyobeba kinu. Alilipiga tochi gunia la chumvi lililo chini kando yake, limepasuka ubavuni, chumvi imefinyangwa chini kama imekaliwa na tembo. Aliinama akapapasa sakafu kutoka mezani mpaka mlangoni. Hakuna mchubuko hata mmoja.

"Kinu kina uzito gani?"

"Wanaume wanne kukiinua," alisema Badria.

"Kukiinua. Na kukisukuma kikadondoka juu ya gunia?"

Badria alikigeuzageuza kibao alichoingia nacho.

"Kingeburutwa kingechubua saruji. Toroli lingeacha alama za matairi. Hiki kimeondoka kama malaika." Severa alisimama, akasema kama anajisemea. "Kaka yako Jumamosi tulimhoji. Unajua alisema neno moja tu? 'Barafu yote imekwisha, afande. Ile niliyoleta jana usiku, yote.' Halafu ghafla akafunga mdomo mpaka leo. Mimi nikadhani amechanganyikiwa."

Kibao kilimponyoka Badria kikaanguka sakafuni.

Severa alihisi damu inamchemka kwa raha. Barafu! Kinu kinabinuliwa kutoka guniani, mdomo chini, juu ya mapande ya barafu, sakafu ya kuteleza, mteremko. Msichana mmoja anatosha. Lakini barafu ina mwisho wake. Nje ya duka kuna mchanga, mashimo na mtaro uliovunjika, na hapo kinu kingekwama mbele ya mlinzi wa benki iliyo ng'ambo ya barabara. Basi hakikufika nje. Kiliishia pale saruji inapoishia.

Akageuka kutoka, na ndipo alipokiona. Kwenye pembe, chini ya masufuria ya mvuke, kulikuwa na kigoda chenye mto wa sponji uliopigiliwa misumari midogo. Alikiminya mto. Maji yalitiririka. Nani anaweka kigoda cha sponji ndani ya chumba kinachooshwa kila siku? Hicho ni kigoda cha mbele ya duka, cha wateja. Kilihamishwa kikapisha kitu.

Severa aliziba mdomo kwa kiganja asicheke kwa sauti. Akamtazama Badria, na Badria akamtazama yeye, macho yamejaa machozi na kitu kingine ambacho hakikuwa majuto.

"Mimi nasaga tangu nina miaka tisa, afande," alinong'ona. "Ufunguo akapewa kaka. Sawa, nikanyamaza. Lakini kinu kupandwa maua nisingeweza kunyamaza. Nilitaka lori liondoke tu, niseme. Wakamkamata Idrisa. Nikaja kituoni nikiri, akaniambia dirishani, 'Ukisema leo, lori litarudi leo. Nyamaza.' Alishajua peke yake. Ni kwa ile barafu."

"Na mimi nikikifunua sasa hivi?"

"Baba mdogo atapiga simu, lori litarudi."

Hapo ndipo penyewe. Severa alifikiri kidogo tu, kwani mchana ulikuwa unakaribia. Kumtoa kijana ilikuwa rahisi: ni kufunua kitenge. Kumtoa kijana bila kukipoteza kinu kulitaka ulimi, na ulimi wenyewe usiwe wake.

Alirudi mbele ya duka amekunja uso.

"Mzee Bushiri, kuna tatizo. Namfungulia Idrisa."

"Nini?" Bushiri aliruka nusu, akakaa tena.

"Wewe mwenyewe umesema kinu ni urithi usiogawanywa. Baba yake Idrisa alifariki baada ya babu. Basi na Idrisa ana fungu lake humo. Nitampelekaje mtu mahakamani kwa kuiba chake? Hakimu atanifukuza. Kesi imekufa, kijana anarudi nyumbani leo, na kinu hatutakiona tena."

"Hapana! Hapana, afande, ngoja."

"Ingekuwa ni mali ya duka, ya kaka yako na mjane wake, hapo ingekuwa wizi kamili. Ningembana mpaka akitoe. Lakini siyo, wewe mwenyewe umesema."

Bushiri aliangalia huku na huku. Alikuwa na haraka, na mtu mwenye haraka haoni shimo. Akili yake ilikuwa kwenye kinu kupatikana kwanza. Mengine angeyapanga baadaye.

"Ni mali ya duka!" alisema kwa sauti ya mtaa mzima. "Mimi nilikuwepo! Baba alimkabidhi kaka mkononi, mbele ya watu, akasema kinu ni chako na watakaokaa kwenye kiti chako. Tulikula pilau! Si urithi hata kidogo. Ni wizi, afande, mbane!"

Bi. Sitara alimtazama shemeji yake kama anamwona kwa mara ya kwanza.

"Aaron, umesikia?"

"Nimesikia, afande."

"Muuza kahawa, na wewe?"

Muuza kahawa wa barazani, ambaye mambo ya watu hayajawahi kumpita, alisema amesikia hata la pilau.

"Basi Aaron, nenda kwa yule wa juisi uniletee pande moja la barafu. Upesi."

Aaron alirudi akikimbia, pande la barafu begani juu ya gunia, shati limelowa. Severa alilichukua mpaka penye meza ya kusagia, akaliweka sakafuni, akapakia juu yake sufuria kubwa la mvuke lililojaa maji, na akaacha mlango wazi. Watu wa barazani walikuwa wameshajaa kizingitini. Akalisukuma kwa kidole kimoja.

Barafu iliteleza. Ilipita mlangoni bila sauti, ikashuka na mteremko, ikajizungusha kidogo karibu na benchi, watu wakaipisha wakipiga kelele, ikaelekea konani taratibu kama mgeni anayejua anakokwenda. Ikaenda ikagonga kitenge cha njano, katikati ya miguu ya Mzee Bushiri. Kishindo kilikuwa cha jiwe.

"Mzee wangu," alisema Severa, "naomba uinuke kidogo."

Bushiri aliinuka. Severa alivuta kitenge. Kinu kilikuwa pale, mdomo chini, tako juu, cha kijivu, bado kina punje za chumvi kwenye mikwaruzo. Kelele zilizotoka pale barazani zilisikika mpaka Mnazi Mmoja. Bi. Sitara aliangua kicheko na kilio kwa pamoja, bakuli la wali likamteremka, muuza kahawa akalidaka.

"Nimekaa..." alianza Bushiri.

"Tangu Jumamosi," alisema Aaron.

"Basi kimepatikana. Alhamdulillahi. Napiga simu, lori..."

"Piga," alisema Severa. "Ila umwambie dereva kinu ni cha nani. Aaron, mzee alisemaje?"

Aaron alikohoa, akasimama wima kama yuko gwaride. "Alisema baba alimkabidhi kaka mkononi, mbele ya watu, akasema kinu ni chako na watakaokaa kwenye kiti chako. Si urithi hata kidogo."

"Na pilau," alisema muuza kahawa.

Simu ya Bushiri ilirudi mfukoni polepole. "Lakini wizi uko palepale! Nani alikihamisha? Nataka nijue!"

"Wizi gani? Mali ya duka imekutwa dukani. Kutoa kinu chumbani kukileta sebuleni, mzee, hiyo siyo jinai. Hiyo watu wanaita kupanga nyumba." Alikuwa tayari ana simu sikioni. "Mkuu? Severa. Karandinga likija, Idrisa asipande. Ndiyo. Hakijatoka hata nje ya mlango. Nitakueleza, utacheka."

Alipokata simu alikiona kile kipande cha kamaboko, juu ya benchi, na alama yake ya ufunguo. Kielelezo namba moja cha kesi isiyokuwepo. Paka wa duka alikuwa ameshakitolea macho. Severa alikiokota, akamrushia, na paka alikichukua akaondoka nacho chini ya meza bila kuuliza ni cha nani.

Badria alikuwa ametoka na kigoda chenye mto wa sponji. "Karibu ukae, baba mdogo," alisema kwa adabu zote. "Miguu itachoka."

Bushiri alikaa kwa mazoea. Maji ya samaki ya siku tatu yakapanda kwenye kanzu. Akainuka, akatoka, na barazani walimpisha njia pana.

Wanaume wanne walikipindua kinu. Bi. Sitara hakuwatazama. Alimwita binti yake, akanyoosha mkono, na Badria, akijua anachodaiwa, alitoa kwenye pindo la gauni ufunguo mpya wa Gaudens na kuuweka kiganjani mwa mama. Bi. Sitara aliugeuza, akaupitisha kwenye uzi wake mweusi, akauvaa. Kisha ule wa zamani, uliopinda ncha kwa kopo la maziwa, akaufunga kwenye kipande cha uzi na kumvisha Badria shingoni.

"Huu nimshikie Idrisa mpaka arudi?" aliuliza Badria.

"Idrisa ana wake," alisema mama.

Badria aliushika ufunguo kwa vidole vyake vilivyokunjamana. Alishika njia ya chumbani, ambako kinu kilikuwa kinarudishwa mezani na samaki wa asubuhi walikuwa wanasubiri. Mlangoni alisimama, akakumbuka, akauvua ufunguo na kuutumbukiza kwenye bakuli la chumvi, akaingia kusaga.